Dawa Bila Cheti cha Daktari

Fungua kabati la jikoni katika nyumba yoyote ya mji wetu, au mlango wa jokofu pale panapopangwa mayai, na aghalabu hutakosa mabaki ya dawa: vidonge vitatu vya amoksilini ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa "1x3", nusu chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyoganda shingoni, na kipande cha Flagyl kilichokatwa kwa mkasi kutoka pakiti isiyojulikana iko wapi. Ukiuliza ni za nani, utaambiwa ni za fulani alipougua kabla ya Ramadhani. Ukiuliza ni daktari gani aliyeziandika, utajibiwa kwa kicheko, kwani hapakuwa na daktari. Alitumwa mtoto dukani na noti mkononi, akarudi na dawa na chenji.

Ndugu wasomaji, jambo hili limekuwa la kawaida mno hata halionekani tena kuwa ni jambo. Ndiyo sababu tumeona tulizungumze kwa urefu katika toleo hili.

Dawa tunazozikusudia ni zile ziitwazo antibiotiki, na wengine huziita viuavijasumu. Kazi yake ni kuua bakteria au kuwazuia wasizaane. Amoksilini, Septrin, Flagyl, doksisaiklini, siprofloksasini, azithromaisini, na hata sindano ya seftriaksoni ambayo siku hizi hutajwa mitaani kama itajwavyo Panadol, zote ni za ukoo huu. Hazikuundwa kushusha homa wala kutuliza maumivu, na hazina nguvu yoyote juu ya virusi. Mafua ni virusi. Kikohozi kingi cha msimu wa kusi ni virusi. Kuhara kwa watoto wadogo mara nyingi ni virusi. Mtu aliyemeza amoksilini kwa mafua akapona siku ya tano, angalipona siku hiyo hiyo kwa maji ya tangawizi na mapumziko. Lakini sifa zote huzichukua dawa, na mafua yakirudi mwakani naye hurudi pale pale dukani.

Alasiri moja nyuma ya kaunta

Wiki mbili zilizopita tulimwomba mwenye duka moja la dawa, kijana wa mtaani aliyesomea fani hiyo na ambaye leseni yake imetundikwa ukutani, aturuhusu tuketi nyuma ya kaunta baina ya swala ya alasiri na magharibi. Hatumtaji jina wala mtaa wake, kwa kuwa alitukaribisha kwa imani.

Aliyetangulia kuingia ni kijana wa bodaboda, helmeti ingali kichwani. Hakueleza anaumwa nini. "Nipe amoksilini za hamsini," alisema, kama mtu anunuaye mahamri. Neno hilo "za hamsini" ndilo lililotushughulisha. Dawa hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na kwa aina ya maradhi yake, na huyu aliipima kwa mfuko wake. Mwenye duka alimuuliza ana nini. Koo linamuwasha tangu asubuhi. Akaambiwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, anywe Panadol, na homa ikipanda au akishindwa kumeza aende zahanati akatazamwe koo. "Kaka, mimi sina muda wa foleni," akajibu, akawasha pikipiki yake.

Baada yake aliingia mama amembeba mtoto wa mwaka mmoja hivi. "Mwanangu yuwakohoa tangu juzi, hata usiku halali. Nipa ile ya maji, ile ya rangi ya waridi uliyonipa siku zile." Mwenye duka hakufungua kabati. Aliuliza kama mtoto ananyonya, kama anatapika, kama kifua chaingia ndani anapovuta pumzi. Kisha akamwinua shati mtoto na kuhesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, dakika nzima. Zilikuwa za kawaida. Akamweleza mama kwamba kikohozi hiki hakihitaji antibiotiki, amnyonyeshe kwa wingi, na akamtajia dalili za kumkimbiza hospitali. Mama yule alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi mimi nimepanda matatu nije niambiwe nimnyonyeshe?"

Akatoka. Mwenye duka akatuelekeza kwa kidevu. "Mtazame, ustadh. Ataingia kwa jirani, na atatoka nayo." Aliingia kwa jirani, na alitoka nayo.

Wa tatu alikuwa msichana wa shule, mwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani yake paliandikwa jina la siprofloksasini na idadi ya vidonge, basi. Mwenye duka alimuuliza kwa upole dawa ni ya nani. Msichana akasema ni ya mama, na hajui mama anaumwa nini. Akarudishwa na ujumbe kwamba mama mwenyewe apige simu. "Hawa ndio wengi," alituambia. "Mama anaumwa akienda haja ndogo, na hapa dukani pana wanaume wamesimama. Ataniambiaje?"

Tumelitafakari sana jambo hili la mwisho, na kwetu ni zito kuliko yote tuliyoyaona siku hiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo ni maradhi ya bakteria kwelikweli, na yapo mengi kwa wanawake, hasa waja wazito. Mama yule huenda alihitaji antibiotiki. Lakini alihitaji pia kuulizwa kama ana mimba, kwani siprofloksasini haitolewi ovyo kwa mwenye mimba. Na alihitaji mkojo upimwe, kwani huenda bakteria wake wamekwisha kuizoea dawa aliyoiandika kwa kuisikia kwa shoga yake. Aibu ilimzuia. Na wanaume nao wanayo aibu yao, wanaponunua vidonge kimyakimya kwa maradhi ambayo hawangependa yajulikane nyumbani. Kisonono, ambacho zamani kilitibika kwa siprofloksasini, kimekwisha kuikaidi dawa hiyo katika nchi nyingi duniani, na mwenye kujitibu gizani huondoka akidhani amepona, akarudi nacho kwa mkewe. Duka la dawa lenye kijichumba cha faragha na mhudumu wa kike lingeondoa nusu ya tatizo hili, na gharama yake si zaidi ya pazia na mshahara mmoja.

Lawama si ya mmoja

Ni rahisi kumtupia muuzaji lawama zote. Sisi hatuko tayari kufanya hivyo. Kijana tuliyeketi naye alikataa wateja watatu mfululizo, na kila aliyemkataa alimwacha na hasara. Kodi ya chumba haimsubiri, wala mwenye jumla aliyemkopesha mali. Duka la ng'ambo linauza bila swali, na mteja humsifu yule kwa kuwa ana huruma, akamnuna huyu kwa kuwa ana maneno mengi. Katika soko la namna hiyo mwenye kufuata sheria ndiye anayeadhibiwa.

Wala mnunuzi si mjinga. Mtu wa kibarua akienda hospitali ya serikali hupoteza siku nzima ya kazi. Na baada ya foleni ya kuandikishwa, ya daktari na ya maabara, mara nyingi huambiwa dawa haipo, akanunue nje. Akifikiri vizuri huona kuwa safari yote ilikuwa ni ya kurudi dukani kwa njia ndefu. Basi huikata njia. Tusipolitia hili katika hesabu, nasaha zetu zitakuwa za mtu aliyeshiba akimhutubia mwenye njaa.

Lakini haja ya mtu haiwabadilishi bakteria tabia yao, na tabia hiyo ndiyo inayotupasa tuielewe.

Thamani iliyosahauliwa

Mwezi Februari 1941, katika mji wa Oxford, Uingereza, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alilazwa akiwa mahututi. Bakteria walikuwa wameenea usoni, machoni na mapafuni mwake. Jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Wataalamu waliokuwa wakiongozwa na Howard Florey walimpa penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928 lakini hakuna aliyekuwa ameweza kuitengeneza kwa wingi. Katika siku chache homa ilishuka na mgonjwa akaanza kula. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba walikusanya mkojo wake na kuichuja penisilini iliyomo wapate kumrudishia mwilini. Hata hivyo iliwaishia kabla maradhi hayajakwisha. Bakteria waliobaki walirejea, na mwezi Machi polisi yule akafariki.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu watu walioichuja dawa kutoka katika mkojo walijua wameshika nini mikononi mwao. Sisi tunaikata kwa mkasi.

Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 pamoja na Florey na Ernst Chain, alitahadharisha katika hotuba yake kwamba itakuja siku penisilini itanunuliwa na mtu yeyote dukani. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia dawa kidogo, isiyotosha kuua bakteria lakini inayotosha kuwafunza namna ya kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe, na mke anapotibiwa dawa inashindwa, akafa. Hayo yalisemwa zaidi ya miaka 75 iliyopita, na aliyeyasema ndiye aliyeigundua dawa yenyewe.

Namna inavyotokea ni hivi. Katika mamilioni ya bakteria walio mwilini, hutokea wachache wenye tofauti ndogo ya maumbile inayowawezesha kuistahimili dawa. Dawa ikiingia, wanyonge hufa na nafasi huachiwa wale wachache, nao huzaana kwa kasi kubwa. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Zaidi ya hayo, bakteria wanaweza kupeana siri hiyo wao kwa wao, hata baina ya jinsi mbili mbalimbali, kama majirani wanaoazimana ufunguo.

Hapa pana kosa moja la fahamu ambalo twalisikia hata kwa watu waliosoma. Hudhaniwa kuwa madhara yote yanatokana na kukatiza dozi, na kwamba mwenye kuimaliza yuko salama. Dozi iliyoandikwa na tabibu ifuatwe kama alivyoelekeza, hilo halina mjadala. Lakini mtu anayemeza dozi kamili kwa maradhi yasiyoihitaji naye pia anafanya madhara. Matumboni mwetu na juu ya ngozi zetu kuna bakteria wasiohesabika ambao hawakuwa na ubaya wowote. Kila antibiotiki inayoingia hupita kwao vilevile, ikawachuja, ikawabakiza wakaidi. Hao ndio watakaoleta taabu siku mtu atakapopasuliwa, au mama atakapojifungua kwa upasuaji, au mwenye kisukari atakapopata kidonda cha mguu.

Hesabu yake imefanywa. Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia hawakusikia dawa, na kwamba vifo karibu milioni 4.95 vilihusiana na usugu huo kwa namna moja au nyingine. Bara letu la kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Na kwa nini tuende mbali, hali Kilifi iko hapa? Watafiti wa KEMRI katika hospitali ya Kilifi waliwapima damu watoto waliolazwa hapo kuanzia 1998 hadi 2002, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2005. Walikuta kwamba kiasi cha robo ya vifo vya watoto hospitalini humo viliwahusu wale waliokuwa na bakteria ndani ya damu. Katika pwani ambayo kila homa huitwa malaria, hiyo ilikuwa habari nzito. Maana yake ni kwamba hapa kwetu antibiotiki inayofanya kazi ni suala la uhai wa mtoto. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu hutibiwa hospitalini kwa sindano za penisilini na jentamisini, dawa za bei nafuu zilizozoeleka. Zikishindwa, huendewa dawa za daraja la juu kama meropenemu, ambayo hutiwa kwa mshipa, bei yake ni kubwa mara nyingi zaidi, na si kila hospitali ya kaunti inayo. Zikishindwa na hizo, daktari hukunja mikono. Dawa mpya si nyingi zinazokuja, kwani koo nyingi za antibiotiki tunazozitumia leo ziligunduliwa kati ya miaka ya 1940 na 1960.

Homa ya matumbo isiyokwisha

Hatuwezi kulipita jambo hili bila kugusa kile ambacho watu wetu hukiita "taifodi". Kuna watu mjini humu wanaosema wana homa ya matumbo kila baada ya miezi mitatu, na kila mara wanamaliza pakiti ya siprofloksasini. Wengi wao wamepimwa kwa kipimo kiitwacho Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza, na kinga hiyo yaweza kuwapo kwa sababu ya maradhi ya zamani, au kwa sababu ya chanjo, au hata kwa bakteria wengine walio jamaa naye. Kipimo cha kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara, nacho huchukua siku kadhaa. Mwenye kuambiwa mara kwa mara kuwa ana homa ya matumbo ana haki ya kuuliza: mmejuaje? Na homa ya matumbo ya kweli, ambayo huua, tayari imekuwa sugu kwa dawa za zamani hapa Kenya. Tunaichosha dawa iliyobaki kwa homa ambazo si yake.

Sheria ipo

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244 ya sheria za Kenya, ni ya tangu miaka ya 1950, na chini yake antibiotiki ni dawa za kutolewa kwa cheti cha tabibu. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayotoa leseni na kukagua. Serikali ilitoa pia mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kuanzia 2017. Kwa hiyo hatukosi maandishi. Tunachokosa kiko baina ya maandishi na kaunta ya duka.

Katika turathi yetu jambo hili si geni. Miji ya Waislamu ilikuwa na muhtasib, msimamizi wa masoko, na vitabu vya kumwongoza viliandikwa. Al-Shayzari wa Sham, katika karne ya 12, aliandika kimoja chenye milango mahususi juu ya wauzaji wa dawa, watengenezaji wa sharubati za tiba na matabibu, kwa sababu mnunuzi wa nguo aweza kuishika akaijua, lakini mnunuzi wa dawa hana namna ya kujua anachouziwa. Na mafakihi wamejadili kwa kirefu dhima ya mtu anayetibu hali hakujulikana kwa utabibu, kwa msingi wa hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba akidhuru yeye ndiye mwenye kubeba dhamana. Hatutoi fatwa katika kurasa hizi. Tunauliza tu: aliyeajiriwa juzi kupanga maboksi, ambaye leo anamchagulia mama dawa ya mtoto wakati mwenye leseni yuko nyumbani, yeye ni nani katika mlango huo wa fikihi? Na mwenye leseni aliyeikodisha ikatundikwa ukutani bila yeye mwenyewe kuwapo, naye je?

Wako watakaosema sheria ikikazwa maskini atakufa nyumbani. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Majirani zetu wa Tanzania waliitazama ana kwa ana. Kuanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, walianzisha utaratibu wa Maduka ya Dawa Muhimu: wauzaji wa vijijini wakafundishwa, wakakaguliwa, wakapewa idhini ya kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwemo baadhi ya antibiotiki za kawaida. Si utaratibu usio na kasoro, ila ulikiri ukweli kwamba duka ndilo tabibu wa kwanza wa watu wengi, ukajaribu kulifanya liwe tabibu bora. Kwa upande mwingine, Saudia, ambako jamaa zetu wengi wanafanya kazi, ilikuwa miaka mingi na maduka yanayouza antibiotiki bila swali mpaka serikali ilipoanza mwaka 2018 kusimamia kwa ukali sharti la cheti, kwa faini na kufungiwa leseni. Waliorudi huko wanatusimulia jinsi mfamasia anavyokataa waziwazi, na mteja hana duka la jirani la kukimbilia. Hapo ndipo penye siri yote: ukaguzi ukiwafikia wote, yule kijana wetu mwaminifu hatapata hasara peke yake.

Yanayowezekana nyumbani

Mtoto wa kati ya miezi 2 na 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, au kifua chake kikiingia ndani, huyo yawezekana ana nimonia. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na amoksilini atakayopewa huko itakuwa mahali pake. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa au anayekataa kunyonya asisubiri hata saa. Anayehara bila damu apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, wala asipewe Flagyl. Anayehara damu ni wa hospitali. Mwenye homa apimwe malaria kwanza. Maumivu ya koo kwa mtoto wa umri wa shule yenye homa na bila mafua wala kikohozi yasipuuzwe, kwani baadhi yake huletwa na bakteria ambaye asipotibiwa kwa penisilini aweza kuuharibu moyo miaka ya baadaye. Hilo tabibu ndiye wa kulipambanua. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwa mtu mzima kipimwe kifua kikuu, na dawa yake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtu kama huyo akipoozwa dukani kwa amoksilini ya mara kwa mara huambukiza nyumba nzima kabla hajagunduliwa.

Chanjo nazo zina sehemu yake. Ile ya Hib iliyoingia Kenya mwaka 2001 na ile ya nimokoko ya mwaka 2011 zimewapunguzia watoto wetu maradhi yale yale ambayo antibiotiki ilikuwa ikihangaika nayo. Mtoto aliyekamilisha kadi yake ya kliniki ana haja ndogo zaidi ya chupa ya rangi ya waridi.

Wafugaji wa kuku wa kisasa, ambao siku hizi wako hata juu ya mapaa ya nyumba, nao wanaguswa. Dawa ya unga wanayoitia katika maji ya kuku ili wasife, aghalabu ni antibiotiki, na kila pakiti imeandikwa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Siku hizo hazingojwi na wengi. Tutarejea kwao, inshaallah, katika toleo lingine, kwani habari yao ni ndefu.

Ama kuhusu lile kabati la jikoni, dawa ya maji ya mtoto ikishachanganywa haidumu zaidi ya siku 7 au 14 kulingana na maelezo ya chupa, hata ikiwekwa katika jokofu. Inayobaki haifai kwa mtoto mwingine wala kwa jirani. Vidonge vilivyosalia visimwagwe chooni wala kutupwa jaani ambako watoto na mbuzi hupekua. Vitiwe ndani ya mfuko, virudishwe katika duka la dawa au hospitali, na muulizeni mhudumu kama wanapokea. Yule kijana tuliyeketi naye anapokea, na ana ndoo yenye kifuniko nyuma ya kaunta kwa kazi hiyo. Siku tuliyokuwapo ilikuwa na vidonge viwili tu.